Vienna kwa Siku Mbili: Matembezi Katika Mji Uliofundisha Kunawa Mikono

Vienna, mji mkuu wa Austria, ni miongoni mwa miji ya Ulaya inayopokea kwa wingi mikutano ya kitabibu. Daktari, muuguzi au mtaalamu wa maabara anayekwenda huko kwa shughuli za siku chache mara nyingi hubakiwa na siku moja au mbili kabla ya safari ya kurudi. Wenyeji humwelekeza kwenye kasri la Schönbrunn, jumba la opera na migahawa ya kahawa iliyodumu tangu enzi za makaizari. Maeneo hayo yanastahili sifa zake. Hata hivyo, katika mji huohuo ipo njia nyingine, fupi na isiyo na gharama kubwa, ambayo ina mengi ya kumwambia mhudumu wa afya, na hata mgonjwa aliyewahi kulazwa. Njia hiyo huanzia kwenye mnara wa tauni na kuishia kwenye chemchemi ya maji. Katikati yake upo ua wa hospitali ambamo wanawake maskini waliujua ukweli kabla ya maprofesa wao.

Siku ya kwanza, asubuhi: mji ulioogopa tauni

Matembezi huanzia Graben, barabara pana ya maduka iliyo katikati ya mji mkongwe, ambamo magari hayapiti hovyo na mgeni hutembea kwa utulivu. Katikati ya barabara hiyo umesimama mnara wa marumaru uliojaa mawingu na malaika wa kuchonga. Huo ndio mnara wa tauni, unaojulikana kwa Kijerumani kama Pestsäule. Mwaka 1679 tauni iliuvamia mji na kuua maelfu ya watu. Kaizari Leopold I aliukimbia mji, akaweka nadhiri kwamba ugonjwa ukiondoka atasimamisha mnara wa kumshukuru Mungu. Mnara ulikamilika katika miaka ya 1690. Chini yake kaizari anaonekana amepiga magoti, na pembeni tauni imechongwa kwa sura ya kikongwe anayesukumwa kuzimu na imani.

Hatua chache kutoka hapo lipo Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano, Stephansdom, ambalo mnara wake wa kusini una urefu wa mita 136. Anayetaka kuuona mji kutoka juu hupanda ngazi 343 zinazozunguka katika nafasi nyembamba. Mwenye maradhi ya moyo, pumu au maumivu ya magoti asijilazimishe, kwa kuwa mnara wa kaskazini una lifti. Chini ya kanisa yapo mahandaki yaliyohifadhi mifupa ya maelfu ya wakazi wa zamani, wakiwemo waliouawa na tauni.

Mgeni asiwacheke watu wa karne ile. Hawakujua chochote kuhusu vimelea vya maradhi, wala nafasi ya panya na viroboto katika kueneza tauni. Walitumia silaha waliyokuwa nayo. Swali linalofaa kuulizwa ni jinsi mji huohuo ulivyohama, kwa muda wa takribani karne mbili, kutoka kuweka nadhiri hadi kuhesabu wagonjwa na kutafuta chanzo. Jibu lipo umbali wa nusu saa kwa miguu, upande wa kaskazini-magharibi, katika eneo la Alsergrund.

Ua ambamo akina mama walilia

Mwaka 1784 Kaizari Joseph II alifungua huko hospitali kuu ya umma, Allgemeines Krankenhaus, iliyoundwa kutokana na makao ya zamani ya maskini na kuwekwa vitanda vipatavyo 2,000. Maandishi ya Kilatini langoni yalitangaza kwamba nyumba hiyo ipo kwa ajili ya afya na faraja ya wagonjwa. Leo hospitali imehamia katika majengo mawili marefu yaliyo karibu, na majengo ya zamani yamekuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Vienna. Mgeni anayeingia hukuta nyua tulivu zenye miti na migahawa, na wanafunzi waliolala kwenye majani wakisoma. Ni rahisi kupita bila kutambua kwamba hapa ndipo palipotokea moja ya hadithi nzito kuliko zote katika historia ya tiba.

Kuanzia mwaka 1840 huduma ya uzazi katika hospitali hiyo iligawanywa katika vitengo viwili. Kitengo cha Kwanza kilifundisha wanafunzi wa udaktari, na cha Pili kilifundisha wakunga. Wajawazito walipokelewa kwa zamu, siku hii kitengo kimoja na siku nyingine kitengo cha pili. Wengi wao walikuwa maskini waliopata huduma bila malipo kwa sharti la kukubali kutumika katika mafunzo. Mwaka 1846 Kitengo cha Kwanza kilizalisha wanawake 4,010, na 459 kati yao wakafa. Kitengo cha Pili kilizalisha 3,754, wakafa 105. Wengi waliuawa na homa ya uzazi, yaani maambukizi makali yanayompata mama baada ya kujifungua.

Akina mama hawakuwa na takwimu hizo, lakini walijua. Habari zilikuwa zimeenea mjini. Waliofikishwa siku ya zamu ya Kitengo cha Kwanza walipiga magoti na kulia, wakiomba wapelekwe kule kwa wakunga. Wengine walichelewa makusudi wakajifungulia njiani, kisha wakaingia hospitali na mtoto mikononi. Daktari msaidizi wa kitengo hicho, Ignaz Semmelweis, mzaliwa wa Buda mwaka 1818, aliona jambo lililomsumbua zaidi: hata hao waliojifungulia njiani walipata homa mara chache kuliko waliozalishwa na madaktari.

Wakubwa wake walikuwa na majibu mengi. Wapo waliosema ni hewa chafu, ilhali vitengo vyote viwili vilivuta hewa moja. Wengine walitaja msongamano, ilhali Kitengo cha Pili, kilichokimbiliwa na wote, ndicho kilichosongamana zaidi. Ilidhaniwa pia kwamba kengele ya padri aliyepita kuwapa sakramenti wanaokufa iliwatia wazazi hofu. Kengele ikanyamazishwa, na vifo vikaendelea vilevile. Semmelweis alipima kila dhana na kuitupa moja baada ya nyingine, hadi akachoka.

Daktari aliyekwenda kutalii

Hapa historia ina jambo linalompendeza kila msafiri. Tarehe 2 Machi 1847, Semmelweis aliondoka Vienna pamoja na marafiki wawili kwenda Venice, Italia, ili kuituliza akili kwa kutazama kazi za sanaa za mji ule. Alirudi tarehe 20 mwezi huohuo, na jambo la kwanza alilokutana nalo lilikuwa msiba. Rafiki yake Jakob Kolletschka, profesa wa tiba ya sheria, alikuwa amechomwa kidoleni kwa kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akaugua na kufa.

Semmelweis alisoma taarifa ya uchunguzi wa mwili wa rafiki yake na kuona kwamba mabadiliko yaliyoelezwa mle ni yaleyale aliyokuwa akiyaona kila siku katika miili ya wazazi. Kama ugonjwa ni mmoja, basi huenda na chanzo ni kimoja. Madaktari na wanafunzi walianza asubuhi kwa kupasua maiti, kisha wakaenda kuwapima wajawazito. Wakunga hawakupasua maiti. Kilichoingia kwa Kolletschka kwa ncha ya kisu kiliingia kwa akina mama kwa vidole vya waliokuja kuwasaidia.

Kuanzia katikati ya Mei 1847 aliamuru kila anayeingia wodini anawe mikono kwa maji yenye chokaa ya klorini, kwa kuwa ndiyo iliyoweza kuondoa harufu ya maiti mikononi. Mwezi Aprili walikuwa wamekufa wanawake 57 kati ya 312, yaani asilimia 18.3. Mwezi Juni ilikuwa asilimia 2.2, na Julai asilimia 1.2. Mwaka 1848 ulikuwa na miezi miwili ambayo hakufa mzazi hata mmoja.

Somo halikuishia kwenye maiti. Mnamo Oktoba 1847 alilazwa mwanamke mwenye saratani ya kizazi iliyokuwa ikitoa usaha, na madaktari walimpima yeye kwanza, kisha wengine waliofuata katika safu ya vitanda. Kati ya wanawake 12 waliozalishwa pamoja naye, 11 walikufa. Tangu hapo Semmelweis alidai mikono inawiwe pia baina ya mgonjwa mmoja na mwingine. Mhudumu wa leo anayefundishwa nyakati tano za kunawa mikono, kama zinavyoelekezwa na Shirika la Afya Duniani, anafuata njia iliyoanza kukanyagwa katika ua huo.

Hata hivyo, ukweli huo haukupokelewa. Ilikuwa vigumu kwa maprofesa kukubali kwamba mikono yao ndiyo iliyoua. Nadharia ya vimelea ilikuwa bado haijasimama, na Semmelweis mwenyewe alichelewa kuandika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1861, nacho kilijaa hasira. Aliondoka Vienna mwaka 1850. Mwaka 1865 alirudishwa mjini humo kama mgonjwa wa akili, akafungiwa katika hifadhi, na baada ya wiki mbili hivi akafa akiwa na umri wa miaka 47. Kilichomuua ni maambukizi yaliyoenea katika damu, ugonjwa wa jamii ileile aliyopambana nayo.

Mchana: mnara wa duara na miili ya nta

Ndani ya eneo hilohilo la hospitali ya zamani umo mnara mnene wa duara wenye ghorofa tano, uliojengwa mwaka 1784 kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Unaitwa Narrenturm, na wenyeji waliupa jina la utani la keki yao ya duara, Guglhupf. Kila ghorofa ina vyumba vidogo vilivyopangwa kuzunguka ukuta, vyenye madirisha membamba. Kwa wakati wake ulihesabiwa kuwa maendeleo, kwa kuwa ulikubali kwamba mwenye ugonjwa wa akili ni mgonjwa na mahali pake ni hospitali. Lakini ndani yake watu walifungwa minyororo. Leo umehifadhi mkusanyiko wa vielelezo vya patholojia ulioanzishwa mwaka 1796: mifupa iliyopindishwa na matege, viungo vilivyoharibiwa na kifua kikuu na kaswende. Hufunguliwa siku chache tu za juma, hivyo mgeni aulize mapema. Aidha, akumbuke kwamba kila kielelezo kilikuwa mtu mwenye jina na ndugu.

Mwendo wa dakika chache kutoka hapo lipo jengo la Josephinum, lililofunguliwa mwaka 1785 kuwa chuo cha madaktari wa upasuaji wa jeshi. Hazina yake ni takribani sanamu 1,200 za nta za mwili wa binadamu zilizotengenezwa Florence, Italia, na kuvushwa milima ya Alps kwa nyumbu. Mishipa, misuli na mimba katika hatua zake vimeonyeshwa kwa usahihi unaomshangaza hata mwalimu wa anatomia wa leo. Mtu aliyetoka kusikia habari za Semmelweis ataziona sanamu hizo kwa jicho jingine. Kabla ya mwaka 1823, mkuu wa uzazi wa Vienna, Johann Boër, alifundisha kwa kutumia kifano cha mwili badala ya maiti, na vifo katika wodi yake vilikuwa vichache. Mrithi wake ndiye aliyeingiza mafunzo kwa maiti, na vifo vikapanda.

Siku ya pili: elimu isiyo na dhamiri

Asubuhi ya siku ya pili yafaa itumike kwa ziara nzito. Kwenye mlima magharibi mwa mji lipo eneo la Steinhof, iliyokuwa hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili iliyofunguliwa mwaka 1907. Juu kabisa linang'aa kanisa lenye kuba la dhahabu lililosanifiwa na Otto Wagner, ambalo watalii wengi huliendea na kulipiga picha. Mabanda ya chini yana historia nyingine. Wakati wa utawala wa Wanazi, kituo cha watoto kilichoitwa Am Spiegelgrund kiliendeshwa hapo. Karibu watoto 800 wenye ulemavu, maradhi au tabia zilizoonekana kuwa mbaya walikufa humo, wengi wakiuawa kwa dawa na njaa. Sehemu za miili yao ziliendelea kutumika katika utafiti kwa miongo kadhaa baada ya vita, na hazikuzikwa kwa heshima hadi mwaka 2002. Safu za nguzo za taa zimesimamishwa kwenye majani kuwakumbuka.

Walioyatenda hayo walikuwa madaktari na wauguzi waliofuzu. Miaka michache kabla yake, mwaka 1938, kitivo cha tiba cha Vienna kiliwafukuza zaidi ya nusu ya walimu wake, wengi wao wakiwa Wayahudi. Mwaka huohuo Sigmund Freud alilazimika kukimbilia London kutoka Berggasse 19, nyumba aliyoishi tangu mwaka 1891 na ambayo leo ni makumbusho. Anayetoka Josephinum huifikia kwa dakika chache.

Alasiri, msafiri apande tramu kuzunguka Ringstrasse, barabara ya duara iliyofunguliwa mwaka 1865 mahali palipokuwa na kuta za mji. Ashuke kwenye jengo kuu la chuo kikuu, ambalo ua wake wa ndani umezungukwa na sanamu za wasomi. Miongoni mwao yupo Karl Landsteiner, ambaye mwaka 1901, akiwa Vienna, alieleza makundi ya damu ya binadamu, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Kila mama anayeokolewa leo kwa kuongezewa damu, iwe Vienna au Dodoma, ana deni kwake.

Mwisho wa njia ni uwanja wa Schwarzenbergplatz, penye chemchemi kubwa inayorusha maji juu. Ilizinduliwa Oktoba 1873, siku mji ulipopokea kwa mara ya kwanza maji ya bomba kutoka chemchemi za milima ya Alps, takribani kilomita 100 kutoka hapo. Mradi huo ulisukumwa na mwanajiolojia Eduard Suess wakati wakazi wakinywa maji ya visima vilivyochafuliwa na vyoo. Mwaka huohuo kipindupindu kilikuwa kimeua watu mjini. Maji yalipofika, homa ya matumbo ilipungua sana. Karibu na hapo lipo kanisa la Karlskirche, lililokamilika mwaka 1737 kutokana na nadhiri ya kaizari baada ya tauni ya mwaka 1713. Kwa mwendo mfupi mgeni huona majibu mawili ya mji mmoja mbele ya maradhi.

Kwa msafiri mwenye maradhi ya kudumu

Ziara fupi ina uchovu wake, na maandalizi huzuia mengi. Dawa za kisukari, shinikizo la damu, kifafa au VVU zibebwe katika mkoba wa mkononi, zikiambatana na barua ya daktari yenye majina halisi ya dawa. Insulini isiwekwe kwenye mizigo ya chini ya ndege, kwa kuwa inaweza kuganda. Vienna iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja wakati wa kiangazi na saa mbili wakati wa baridi, hivyo ratiba ya dawa hubadilika kidogo tu. Mwenye selimundu apate ushauri wa daktari kabla ya kupanda ndege, ajifunike vizuri na anywe maji ya kutosha, maana baridi na upungufu wa maji mwilini huweza kuamsha maumivu. Katika safari ndefu ya anga kila abiria ainuke na kutembea mara kwa mara, na aliyewahi kupata damu kuganda kwenye mishipa ya miguu amwone daktari mapema.

Bima ya afya ya safari ni sharti la viza ya Schengen, nayo iwe na kiwango kisichopungua euro 30,000. Duka la dawa hutambulika kwa alama nyekundu ya herufi A, na antibayotiki hazitolewi bila cheti cha daktari. Gari la wagonjwa huitwa kwa namba 144, au 112 inayotumika Ulaya nzima. Maji ya bomba ni salama, nayo ni yaleyale ya milimani.

Cha kurudi nacho

Wengi hurudi kutoka Vienna na chokoleti. Mhudumu wa afya anaweza kurudi pia na swali moja. Katika kituo chake, ni mlango gani wagonjwa huukwepa? Akina mama wanaochelewa kuja kujifungua, wanaokwenda kituo cha mbali ilhali kipo cha karibu, au wanaomkimbilia mkunga wa jadi, mara nyingi huitwa wakaidi au wasio na elimu. Ndivyo walivyoitwa pia wanawake wa Alsergrund. Laiti yupo aliyeketi nao akawauliza walichokuwa wakikiogopa, na akahesabu kama alivyohesabu Semmelweis, mamia ya makaburi yasingechimbwa.

Mgonjwa naye ana haki ya kumwuliza mhudumu, kwa adabu, kama amenawa mikono kabla ya kumgusa. Mhudumu anayeulizwa hivyo hajavunjiwa heshima. Anawe, kisha aendelee na kazi yake.